Pete ya Buluu, Mguu wa Kushoto

Kila mwanamume aliyestaafu katika kijiji kile alikuwa na mzinga. Mzinga wenyewe ulikuwa lenzi ya kamera, nene kama paja la mtu mzima, imevishwa kitambaa cha rangi ya majani ili ndege wasishtuke. Ndege walikuwa wamezoea tangu zamani. Waliozidi kushtuka ni wake za wazee, kila walipokuta mzinga mpya umelazwa kitandani na mume amekaa sakafuni akiufuta vumbi.

Majira ya baridi yalipofika, domomwiko wenye nyuso nyeusi, ndege weupe wenye mdomo bapa kama mwiko, walishuka kutoka kaskazini, wakatua kwenye mabwawa ya samaki. Wazee nao walitua juu ya tuta. Walipanga mizinga safu moja, wakakunjua viti, wakamimina chai, wakaanza kubishana nani aliona nini mwaka gani. Kutoka pale tutani, bila mzinga, domomwiko mia tatu walionekana kama punje za wali zilizomwagika ng'ambo ya maji.

Wan-ju hakuwa na mzinga. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, kisu cha kubandulia chaza, shangazi mmoja mwenye mdomo, na chungu cha umeme kilichokataa kupika wali lakini kikakubali kuyeyusha nta. Haya zake zilijulikana kijiji kizima. Ukimsalimia, alijibu huku akiziangalia ndala zake, kana kwamba ndizo zilizosalimiwa.

Lakini ndani ya kimya kile mlikuwa na tamaa moja kubwa: kuwachora wale ndege kwa nta. Mwaka uliotangulia mwalimu mmoja wa kike alikuja kufundisha kwenye ukumbi wa kijiji Jumamosi sita. Katika hizo sita Wan-ju aliona jinsi picha ya kamera inavyoweza kuhamia ndani ya nta ya nyuki, ikaongezwa rangi, ikapulizwa hewa ya moto, ikawa kitu kingine kabisa. Walihamisha jani. Walihamisha kipepeo. Karatasi zote mwalimu alikuja nazo zikiwa zimeshachapwa. Jumamosi ya saba mwalimu alikuwa ameolewa ng'ambo ya milima, na Wan-ju akabaki na nta tupu. Picha za ndege walikuwa nazo wazee wa mizinga, na mzee wa mzinga hatoi picha yake. Kumwomba ni kama kumwomba binti yake umpeleke sokoni bila kusema utamrudisha lini.

Siku hiyo Shangazi Mei-tao alimkokota hadi tutani kwa kumshika mkono wa sweta. Aliwaambia wazee kwamba mpwa wake ana jambo, na kwamba wasimsubiri aseme mwenyewe maana ndege watarudi kaskazini kabla hajafungua kinywa. Akalieleza jambo lote yeye, pamoja na mengine ambayo Wan-ju hakumtuma.

Wazee walicheka. Mmoja akauliza kama domomwiko wa nta atawashwa utambi. Kiongozi wao alikuwa Mjomba Kuo-tung, aliyekuwa fundi wa mafriji miaka arobaini, na kelele za mafriji zilikuwa zimemfanya aseme kila neno kana kwamba msikilizaji yuko juu ya paa la nyumba ya pili. Alimtazama Wan-ju, akatazama zile ndala, akaona huruma.

"Chukua Mwalimu Mkuu," alisema. "Siku tatu kabla ya sikukuu ya mungu wetu, Bwana Mkubwa, uniletee hekaluni. Nikimtambua ndege wangu ndani ya nta yako, nakupa nafasi ukutani kwenye maonyesho yetu ya picha hukohuko hekaluni, na kila mmoja hapa atakupa picha. Nisipomtambua, usituombe tena mpaka nife. Na mimi sina mpango wa kufa."

Mwalimu Mkuu alikuwa domomwiko dume aliyetembea majini akipeleka mdomo huku na huku kama mtu anayekagua madaftari. Watafiti walikuwa wamemvisha pete za rangi miguuni, kama walivyowavisha wengine wengi, na wazee waliwajua ndege kwa pete hizo kama polisi anavyozijua pikipiki kwa namba. Mwalimu Mkuu alikuwa na pete ya buluu mguu wa kulia, nyekundu mguu wa kushoto. Miaka tisa Mjomba Kuo-tung alikuwa akimfuata.

Wan-ju alirudi nyumbani karibu aruke. Picha Mjomba alishamtumia kwenye simu yake, na simu aliikumbatia kifuani njia nzima.

Kesho yake, alipomaliza chaza, alikwenda duka la saa ishirini na nne, akaichapa picha kwenye mashine iliyo karibu na sufuria ya mayai ya chai. Jikoni alikuwa ameshapaka ubao nta yenye utomvu, safu juu ya safu, nyeupe na laini kama tofu. Aliupasha ubao mpaka ukawa na joto la shavu la mtoto, akailaza karatasi kifudifudi juu yake, akaanza kusugua kwa mgongo wa kijiko cha supu. Alisugua mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha akailowesha karatasi kwa sifongo na kuibandua polepole kwa ncha ya kidole, kipande kwa kipande, kama ngozi ile nyembamba ya yai lililochemshwa.

Mwalimu Mkuu alibaki ndani ya nta. Alikuwa akichungulia kama mtu aliye nyuma ya dirisha lenye umande.

Wan-ju alicheka peke yake. Alicheka tena. Akazunguka meza ya jikoni mara mbili, akamwinamia ndege, akamsalimia, bila kuangalia ndala. Siku nne zilizofuata hakuwa na akili nyingine. Alichanganya rangi kwenye vikopo vya pudini, akapaka maji ya bwawa yenye kijani cha chai iliyolala, akapaka manjano hafifu kisogoni, akapuliza hewa ya moto mpaka nta ikatetemeka na kung'aa, akasubiri ipoe, akapaka tena. Pete alizifanya mwisho. Alichimba kijimfereji kwenye kila mguu kwa kisu cha chaza, akajaza nta ya buluu huku, nyekundu kule, akifuata rangi zilizokuwa chini ya mkono wake.

Shangazi Mei-tao alilalamika kwamba chapati zake za mayai na chaza zinanuka kama meza ya sadaka, na kwamba siku moja miungu itakuja kula pale kwa makosa. Lakini usiku alionekana akipita jikoni mara tatu bila kiu, kumtazama ndege.

Siku ya siku ikafika. Walimfunga ndege kwa taulo, wakapanda pikipiki ya shangazi. Kwenye ua wa hekalu wazee wanne walikuwa wakinywa chai. Mjomba Kuo-tung hakuwepo. Alikuwa kwa daktari wa meno. Shangazi akasema hawatamngoja jino, akalifungua taulo na kuuegemeza ubao kwenye kiti.

Kwanza walimtazama wote. Kisha kikombe kikaanguka.

Aliyekiangusha alikuwa Mjomba Jin-shan, mzee wa miaka sabini na minane, aliyekuwa tarishi wa posta enzi zake. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia nta. Akanyoosha kidole kwenye mguu mmoja, kisha wa pili.

"Buluu kushoto," alisema. "Nyekundu kulia. Huyu ni Shangazi Chumvi."

Jina hilo liliwainua wengine vitini. Shangazi Chumvi alikuwa domomwiko jike aliyependa kusimama kwenye mashamba ya zamani ya chumvi, na Mjomba Jin-shan alimpiga picha majira kumi na moja mfululizo. Majira manne yaliyopita hakurudi. Tangu hapo mzee alikuja tutani kila siku na mzinga wake, akaufunga, akakaa, na hakubonyeza hata mara moja.

Sasa alimgeukia Wan-ju. Aliuliza amemwona wapi, lini, akiwa na nani, anakula vizuri. Wan-ju alifungua kinywa. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno yakarudi. Mzee mwingine akajibu kwa niaba yake: huyu binti huwa kwenye vichanja vya kufugia chaza baharini kila alfajiri, bila shaka ndiko alikomwona. Mwingine akasema ndiyo, upande wa vichanja hatujatazama miaka. Wa tatu alikuwa ameshawasha pikipiki. Ndani ya muda wa kuchemsha yai, ua ulibaki na vikombe vitatu vinavyotoa moshi na kimoja kilichovunjika, na kutoka barabarani zikasikika pikipiki nne na sauti ya Mjomba Jin-shan akimpigia simu binti yake aliyeko mjini.

"Wamekunywa nini hawa?" Shangazi Mei-tao aliuliza.

Wan-ju hakujua. Alikuwa bado amesimama vilevile Mjomba Kuo-tung alipoingia, shavu limevimba upande mmoja. Alikwenda moja kwa moja mbele ya kiti. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akarudi nyuma hatua tatu, akasogea tena.

"Huyu si wangu," alisema, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti.

Alitoa simu, akaiweka picha yake halisi kando ya ubao. Hapo ndipo Wan-ju alipoona. Kwenye simu, Mwalimu Mkuu alitazama mashariki. Kwenye nta alitazama magharibi. Karatasi ililazwa kifudifudi, na kila kilichokuwa kulia kilikuwa kimehamia kushoto. Jani halina kulia wala kushoto, kipepeo ni pande mbili sawa. Na zile karatasi za mwalimu, sasa alifahamu, zilikuwa zimegeuzwa kabla ya kuchapwa. Yeye hakugeuza. Alikuwa amemvua Mwalimu Mkuu pete zake na kumvisha za Shangazi Chumvi.

Mjomba Kuo-tung akasema mapatano ni mapatano. Wan-ju alisikia, na nafasi yake ukutani aliiona ikiondoka kama ndege anayekunjua mabawa. Lakini kilichomchoma zaidi ni yule mzee wa miaka sabini na minane aliyekuwa kwenye upepo wa baharini wakati ule akimtafuta asiyekuwepo. Alimnyang'anya shangazi ufunguo wa pikipiki. Shangazi alishangaa mpaka akasahau kusema kitu.

Aliwakuta kwenye ukingo wa vichanja vya chaza. Hawakuwa wanne tena. Habari ilikuwa imekimbia, na sasa kulikuwa na mizinga kumi na tano, na mwuza soseji ameshafika na jiko lake. Mjomba Jin-shan alikuwa katikati, jicho kwenye mzinga, kidole juu ya kitufe, mashavu mekundu kama kijana anayesubiri bibi harusi. Alikuwa anaimba.

Wan-ju alisimama mbele ya safu ile. Mbele kabisa, mizinga kumi na tano ikimlenga yeye. Ndala zake zilikuwa zimejaa tope, hazikuwa za kutazamwa.

"Sikumwona," alisema. "Mjomba, sikumwona. Nimekosea mimi. Ni Mwalimu Mkuu, nimemgeuza kwenye nta kama shati lililogeuzwa ndani nje. Shangazi Chumvi hajarudi. Nisamehe."

Soseji zilichuruzika mafuta. Mjomba Jin-shan aliinua jicho lake taratibu, akakifunga kifuniko cha mzinga, akapiga ulimi.

"Sasa binti yangu nitamwambia nini?" alisema. "Wameshapanda treni. Anakuja na mkwe, anakuja na mtoto. Mtoto wamemwombea ruhusa shuleni, wamesema kuna ugonjwa kwenye familia."

Mtu wa mwisho kwenye safu alianza kucheka. Alijaribu kukohoa ili kuficha, haikusaidia. Kicheko kikaja kikifuata mizinga mmoja baada ya mwingine mpaka kikamfikia mzee mwenyewe, akacheka mpaka akashika mguu wa kamera asianguke. Kisha akanunua soseji, akamkatia Wan-ju nusu, akasema haya, twende tukaone Kuo-tung amefura kiasi gani.

Kuo-tung alikuwa amefura vya kutosha. Hekaluni ukazuka ubishi. Upande mmoja ulisema kundi lao lina sheria, picha isimdanganye mtu ndege ni yupi, na ndege aliyegeuzwa ni uongo wenye mbawa. Upande wa pili ulisema binti amekiri mbele ya mizinga kumi na tano, nani kati yenu aliwahi kukiri hata picha moja ya ukungu. Mjomba Kuo-tung alirudia kwamba aliahidi akimtambua, na hamtambui. Mjomba Jin-shan akasema yeye amemtambua. Kuo-tung akamjibu kwamba amemtambua ambaye siye.

Mwishowe mlinzi wa hekalu, Mjomba A-tsai, naye mwenye mzinga, akawakumbusha kwamba ukuta wenyewe si wa Kuo-tung. Ukuta ni wa Bwana Mkubwa, mungu anayekaa ndani pale, na aulizwe yeye. Akavileta vile vipande viwili vyekundu vya mti, kila kimoja umbo la mwezi mchanga, bapa upande mmoja na mgongo upande mwingine. Kila mtoto kijijini alijua kuvisoma. Kimoja kikilala bapa juu na kingine mgongo juu, Bwana Mkubwa amekubali. Migongo yote miwili juu, amekataa. Bapa zote mbili juu, anacheka.

Mjomba Kuo-tung alipiga magoti, akataja jina lake na anwani yake kwa sauti iliyosikika hadi sokoni, akauliza kama picha ya nta itundikwe. Akarusha. Bapa, bapa.

Akauliza kama isitundikwe. Bapa, bapa.

Akavuta pumzi, akauliza kama ndege yule ni Mwalimu Mkuu. Bwana Mkubwa alicheka. Mjomba Jin-shan akapiga magoti kando yake, akavichukua vipande, akauliza kama basi ni Shangazi Chumvi. Bwana Mkubwa alicheka tena. Wanawake waliokuja kuchoma ubani wakaacha ubani, wakasogea. Mtu aliapa kwamba tangu azaliwe hajaona vicheko vinne mfululizo. Kilipokuja cha tano, kwa swali ambalo hakuna aliyelisikia vizuri, ua mzima ulikuwa ukicheka pamoja na Bwana Mkubwa. Mjomba A-tsai alifuta machozi, akasema kosa haliko kwenye jibu. Swali ndilo bovu, watafute lingine.

Wan-ju aliona heri aondoke na aibu yake wakati watu bado wana furaha. Aliuchukua ubao, akaufunga wima kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki, uso wa ndege ukiuelekea mgongo wake ili vumbi lisimshike. Akapanda. Kabla ya kuwasha, kama afanyavyo kila dereva, alitupa jicho kwenye kioo cha pembeni.

Ndani ya kioo alisimama Mwalimu Mkuu. Alitazama mashariki. Buluu kulia, nyekundu kushoto.

Wan-ju aligeuka nyuma, akaona Shangazi Chumvi. Akarudi kwenye kioo, Mwalimu Mkuu. Nyuma, Shangazi. Kioo, Mwalimu. Alifanya hivyo mpaka shingo ikalia. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani: alimwita mtu kwa sauti, mbele za watu.

"Mjomba Kuo-tung," aliita. "Njoo umkague Mwalimu wako."

Mzee alikuja akiburuta miguu. Akainama kwenye kile kioo kidogo kama mtu anayejinyoa. Alikaa pale muda mrefu, shavu lake lililovimba limegusa mpini wa pikipiki.

"Ndiye," alisema hatimaye. "Ndiye, na hata ile dharau yake ya shingo umeipata." Akasimama, akageukia ua wote. "Nimemtambua. Pangeni foleni, msivunje kioo cha watu."

Walipanga foleni. Kila aliyeinama aliinuka akicheka, akarudi mwisho wa foleni ili aone tena. Mjomba Kuo-tung akaenda kupiga magoti kwa swali lililo zima: je, picha itundikwe, na kioo kiwekwe mbele yake? Bapa, mgongo. Jambo zito huulizwa mara tatu. Bapa, mgongo. Mgongo, bapa. Ua ulilipuka kwa shangwe utadhani domomwiko mwenyewe ameteuliwa kuwa diwani.

Siku ya sikukuu, mke wa kinyozi aliwaazimisha kioo chake kirefu. Mjomba A-tsai alikipima mara sita kisije kikatazamana na mlango wa Bwana Mkubwa, maana mungu hapendi kutazamwa na kioo. Kati ya ukuta na kioo walisimama wazee wawili mgongo kwa mgongo asubuhi nzima. Mjomba Kuo-tung alikielekea kioo, akiwaeleza wageni kuhusu Mwalimu Mkuu. Mjomba Jin-shan aliuelekea ukuta, akimwambia mjukuu wake kwamba huyu bibi hajarudi, bado, ila ukisimama hapa hapa na usigeuke, hivi ndivyo alivyokuwa. Kila mmoja alimwambia mwenzake apunguze sauti. Mtoto, aliyekuwa amependezwa sana na ugonjwa huu wa kwenye familia, alizunguka kutoka ndege mmoja hadi mwingine mpaka akaona kizunguzungu.

Wan-ju alikuwa amejibanza nyuma ya meza ya mapera, na huko nyuma ya mapera ndiko walikomfuata. Alikuja mzee mmoja, akamwonyesha simu. Akaja wa pili na picha tatu. Kabla ya ngoma za mchana kulia, wazee tisa walikuwa wamesimama mbele yake wamenyoosha simu kama watu wanaosubiri kugawiwa uji. Wan-ju alizitazama ndala zake kidogo, kwa mazoea tu. Kisha akainua kichwa, akasema sasa anajua kuzigeuza picha kabla ya kuchapa, kwa hiyo ni vizuri aulize mapema: nani anataka ndege wake abaki alivyo, na nani anataka ageuzwe?

Wazee wakatazamana. Mikono tisa ikapanda juu, na kila mmoja alitaka vyote viwili.